Mapengo Yaliyoko Kwenye Miamba Chini ya Shamba Lako (Soma Kabla Hujaita Mashine ya Kisima)



Kila kiangazi simu yangu inaita kwa swali lile lile. Kijana yuko shambani, mashine ya kuchimba kisima inanguruma nyuma yake, mwenye mashine anadai hela kwa kila mita, na yeye anapiga kelele ili nimsikie: "Bwana shamba, tumefika kwenye mwamba mgumu. Tuendelee au tusimame?"

Swali hilo niliwahi kulijibu vibaya. Jibu langu lilimgharimu dada mmoja mkulima wa vitunguu mita 60 za kuchimba granaiti kavu, na hela ilikuwa ya mkopo. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu bila kulisema hadharani. Leo nalisema, ila ili mnielewe nilichemka wapi itabidi kwanza tuongee kidogo kuhusu miamba, na hasa kuhusu sehemu ambazo miamba haipo wakati ingetakiwa kuwepo. Usiogope, siyo somo la darasani.

Chukua daftari lako la shamba, lile unaloandika mvua, tarehe ya kupanda, mbolea na mauzo. Kama wewe ni kama wakulima wengi ninaowajua, Januari umeandika kila siku, Februari mara mbili, halafu ghafla tunakutana Agosti. Miezi ya katikati ilikuwepo, mvua ilinyesha, hela ilitumika, ila daftari liko kimya. Na kimya hicho kina sababu mbili tu: ama hukuandika, ama uliandika halafu mtoto akachana karatasi kuwashia jiko.

Ardhi nayo ni hivyo hivyo. Matope, mchanga, majivu ya volkeno na lava vinajipanga tabaka juu ya tabaka, la zamani chini, jipya juu. Kila tabaka ni ukurasa. Ila kuna vipindi virefu ambapo mahali fulani hapakuwekwa kitu chochote, na kuna vipindi ambapo matabaka yaliwekwa kabisa, kisha mvua, mito na upepo vikayabeba yote kabla ya tabaka jingine kuja juu. Unapochimba, unakuta tabaka la umri fulani limekaa moja kwa moja juu ya tabaka la zamani mno, kama vile Agosti imebandikwa kwenye Februari. Mstari huo wanapokutana ndio pengo. Wanajiolojia wana jina lake, ankonfomiti. Mimi nitaliita pengo.

Sasa, jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: mapengo ndiyo mengi kuliko kurasa. Fanya hesabu ndogo. Mafuriko ya usiku mmoja yanaweza kuacha matope ya sentimita 20 kwenye mbuga yako. Kama kila mwaka yangeleta hivyo na yote yakabaki, ndani ya miaka 1000 ungekuwa na mita 200 za matope, na ndani ya miaka 10,000 ungekuwa na kilomita mbili, yaani mlima. Hakuna mbuga ya namna hiyo. Maana yake miaka mingi haikuleta kitu, na mingi mingine ilileta halafu ikachukua. Tabaka unaloliona kwenye ukuta wa korongo laweza kuwa kazi ya siku mbili, na mstari mwembamba ulio juu yake ukawa na miaka elfu tano ndani.

Aliyelifumbua jambo hili alikuwa mkulima, na hapo ndipo mimi hufurahi. Anaitwa James Hutton, mzaliwa wa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1726. Alisomea udaktari akapata shahada Leiden, Uholanzi, mwaka 1749, halafu badala ya kutibu watu akaenda kulima shamba alilorithi kwa baba yake. Hakukurupuka kama baadhi yetu. Kwanza alikwenda Norfolk, Uingereza, kujifunza kilimo bora kwa wakulima wa kule, ndipo akarudi kwenye shamba lake na kulima tangu miaka ya 1750 hadi mwishoni mwa miaka ya 1760.

Akiwa shambani aliona kile tunachokiona sisi kila masika, udongo ukishuka na maji kuelekea mtoni na baharini. Akajiuliza swali la mkulima: kama udongo unatokana na mwamba kuoza, na kila mwaka mwingine unakwenda baharini, mbona nchi kavu haijaisha? Jibu lake likawa kwamba lazima kuna mahali matope yale yanageuka kuwa mwamba mpya chini ya bahari, kisha mwamba huo unainuliwa juu kuwa nchi kavu tena, unaoza tena, unabebwa tena. Mzunguko wa namna hiyo unahitaji muda mrefu ajabu. Watu wengi wa wakati wake waliamini dunia ina miaka elfu chache tu, kwa hiyo alihitaji ushahidi wa kuonyesha kwa kidole.

Mwaka 1788 akapanda mashua na marafiki wawili, John Playfair na Sir James Hall, wakapita kando ya pwani hadi mahali panapoitwa Siccar Point. Pale, chini, kuna mwamba wa kijivu ambao matabaka yake yamesimama wima kama vitabu kwenye rafu. Juu yake kuna mwamba mwekundu wa mchanga ambao matabaka yake yamelala, yameinama kidogo tu. Na kwenye mguu wa ule mwekundu kuna vipande vilivyovunjika vya ule wa kijivu.

Soma kurasa hizo taratibu. Matope yalilala baharini yakawa mwamba. Mwamba ukakunjwa hadi ukasimama wima. Ukainuliwa juu ya maji. Ukaliwa na mvua ukakatwa kichwa, vipande vikatapakaa juu yake. Ndipo mchanga mwekundu ukaja kufunika. Kazi yote hiyo ya kukunja, kuinua na kukata ilifanyika ndani ya mstari mmoja tu ambao unaweza kuuwekea mkono. Siku hizi tunajua mwamba wa kijivu una miaka kama milioni 435 na mwekundu kama milioni 370, kwa hiyo pengo ni la miaka milioni 65 hivi. Playfair aliandika baadaye kwamba kichwa kilimzunguka kwa kutazama nyuma umbali ule wa wakati. Hutton alipofariki mwaka 1797 aliacha mswada wa kitabu cha kilimo ambao haukuwa umechapishwa. Dunia inamkumbuka kwa miamba, vitunguu vyake vimesahaulika, kama alilima vitunguu.

Kwetu yapo mapengo makubwa kuliko hilo. Mwamba wa granaiti unaouona Singida, Dodoma, Shinyanga hadi Mwanza, yale mawe makubwa yaliyobebana, ni sehemu ya uti wa mgongo wa zamani wa nchi yetu na una zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kule mabondeni, juu yake kuna mchanga na udongo wa mfinyanzi ambao kwa hesabu za miamba ni wa juzi. Kati ya vitu hivyo viwili, ambavyo sepetu yako inavipita siku moja, kuna zaidi ya miaka bilioni mbili isiyo na ukurasa hata mmoja. Watalii wanasafiri kwenda kwenye korongo la Grand Canyon, Marekani, kutazama pengo la miaka zaidi ya bilioni moja. Wewe unalo kubwa zaidi chini ya banda la kuku.

Na pale ambapo granaiti imechomoza hakuna kitu juu yake, pengo bado liko wazi. Halijafungwa. Tunaishi ndani yake.

Lakini pengo ukilisoma vibaya linadanganya hata wasomi. Mwaka 1913 Mjerumani Hans Reck alipata mifupa ya binadamu mzima pale Olduvai, ndani ya tabaka ambalo leo tunajua lina zaidi ya miaka milioni moja. Mifupa ilikuwa ya mtu kama mimi na wewe. Mabishano yakadumu miaka 20. Louis Leakey mwenyewe, alipofika Olduvai na Reck mwaka 1931, alishawishika kwamba kweli mtu yule ni wa umri wa lile tabaka. Baadaye ukweli ukatoka: matabaka yaliyokuwa juu pale yalikuwa yameliwa na mmomonyoko, tabaka la zamani likabaki uso wazi, watu wakachimba kaburi ndani yake, halafu tabaka jipya likaja kufunika. Mtu yule alikuwa na miaka kama 17,000 tu. Kosa lilikuwa kutazama tabaka alimolala na kusahau kuuliza kilichotokea kwenye mpaka wa juu yake.

Kosa langu ni ndugu wa hilo.

Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa Arumeru, chini ya mlima Meru. Kule ardhi ni ya volkeno. Lava ilitiririka ikaganda, halafu mlima ukatulia kwa muda mrefu. Katika kutulia huko mvua ilinyesha, lava ya juu ikaoza ikawa udongo, majani yakaota, vijito vikapita vikaacha kokoto. Kisha mlima ukaamka, lava nyingine ikaja ikafunika kila kitu. Kwa hiyo ukichimba unapita lava ngumu nyeusi, unafika kwenye lile shamba la zamani lililozikwa, halafu lava tena. Lile shamba lililozikwa ndilo pengo. Lava mbichi ni ngumu, haipitishi maji isipokuwa kwenye nyufa, ila uso wa ardhi wa zamani una kokoto, majivu na mwamba uliooza, maji yanapenyeza na kukaa. Hata Nairobi na Kiambu wachimba visima wanazisaka nyuso hizo za ardhi ya zamani kati ya lava na lava, na sehemu kubwa ya maji ya visima vya kule inatoka humo.

Kijana mmoja mlima nyanya na hoho alikuwa anachimba. Mita 40 wakagonga lava nyeusi, na fundi akaanza kukunja vyuma vyake akisema ni mwamba mpaka chini. Mtaalamu wa maji aliyepima eneo akakataa, akasema endeleeni. Mita 71 tope likabadilika rangi. Lilitoka udongo mwekundu, kisha kokoto za mviringo kama za mtoni, kisha maji. Niliushika ule udongo mwekundu mkononi. Ulikuwa udongo wa shamba kabisa, umechomeka kidogo kwa juu ilipopita lava kama tofali la kuchoma. Siku ile niliona nimejua kila kitu. Nikaondoka na kanuni moja kichwani: ukikuta mwamba mgumu usiogope, toboa, maji yako chini yake.

Nikahamishiwa Singida na kanuni yangu.

Dada ninayemsema alikuwa na heka nne za vitunguu na mkopo. Kampuni iliyokuja kuchimba ilimwambia wamepima, mita 80 zinatosha. Siku ya pili mchana akanipigia. Walikuwa wamepita mchanga na udongo, kwenye mita 31 kikatoka kitu kama kokoto zenye unyevu, mita 38 wakaingia kwenye granaiti, sasa wako mita 60 na vumbi jeupe kavu. "Bwana shamba, hela inaisha. Tuendelee au tusimame?"

Nikamjibu kama niko Meru. Nikamwambia, "Endelea, usikate tamaa, chini ya mwamba kuna maji."

Wakafika mita 120. Vumbi jeupe kavu.

Wiki iliyofuata mtaalamu kutoka ofisi ya bonde alipita kwa kazi nyingine, nikamwomba afike. Hakutoa kifaa chochote. Alitembea kando ya vifungu vya vumbi ambavyo vijana wa mashine walikuwa wameviacha chini kwa mpangilio, kifungu kwa kila mita tatu, akachuchumaa kwenye kile cha 31 hadi 38, akasugua kwa vidole. Akasema, "Maji yenu mmeyapita. Yalikuwa hapa." Kisha akauliza wameweka bomba gani sehemu hiyo. Walikuwa wameweka bomba zima, lisilo na matundu, ili udongo usiporomoke. Yaani maji kidogo yaliyokuwepo waliyazibia nje.

Akanieleza, na nilijisikia mdogo sana. Kwenye lava, mwamba mgumu unaweza kuwa na pengo jingine chini yake, kwa sababu kila mtiririko ulikuja kivyake na kati yake palikuwa na muda. Kwenye granaiti ya kale hakuna shamba lililozikwa chini. Ile haikuwekwa tabaka kwa tabaka, iliganda ndani kabisa ya ardhi ikiwa kitu kimoja, na yale yote yaliyokuwa juu yake yaliliwa na mmomonyoko mpaka yenyewe ikajitokeza. Pengo liko moja tu, kichwani mwake. Kwa mamilioni ya miaka mvua na mizizi vimekuwa vikiiozesha kuanzia juu kwenda chini. Juu kabisa imeoza hadi kuwa mfinyanzi, unaoshika maji bila kuyaachia. Chini, karibu na mwamba mzima, imeoza nusu, imekuwa kama changarawe na nyufa nyingi. Hapo ndipo maji yanapotembea. Ukishaingia kwenye mwamba mbichi usio na nyufa, kila mita unayoongeza uwezekano unapungua na bili inapanda. Kuna sehemu mipasuko mikubwa ya ardhi inashuka na maji chini zaidi, lakini hizo zinatafutwa kwa vipimo kabla ya kuchimba, siyo kwa kubahatisha mashine ikiwa inanguruma.

Kwa hiyo swali la "tuendelee au tusimame" halijibiki kwenye simu mpaka ujue uko juu ya pengo la aina gani. Siku hizi mkinipigia nauliza mambo mengine kabisa. Nauliza milima ya jirani ni mawe ya aina gani. Nauliza korongo lililo karibu linaonyesha nini kwenye ukuta wake, ukuta wa korongo ni kitabu cha bure. Nauliza jirani mwenye kisima alipata maji mita ngapi, na zaidi ya hapo, yalikuwa kwenye kitu cha rangi gani.

Na nauliza vifungu viko wapi. Hapa niwaombe sana. Mashine ikianza, mwambie fundi aweke sampuli chini kwa kila mita mbili au tatu, kwa mstari, na wewe mwenyewe uwe na daftari. Andika kina, rangi, laini au chenga, kavu au mbichi, na mashine inakwenda haraka au inasota. Usimwachie fundi peke yake, yeye analipwa kwa mita. Pengo linajitangaza kwa dalili zile zile alizoziona Hutton: rangi inabadilika ghafla, hasa kuwa nyekundu au kahawia, zinatokea kokoto za mviringo, vinatokea vipande vya mwamba wa chini vilivyochanganyika na tope la juu, halafu ugumu unabadilika ndani ya mita moja. Ukiona hivyo simamisha kazi dakika kumi, pima kama maji yanaingia, andika kina hicho kwa kalamu nyekundu. Hapo ndipo bomba lenye vyujio linatakiwa kukaa, isipokuwa mtaalamu akuambie vingine.

Siyo kila pengo lina maji, msinielewe vibaya. Udongo wa zamani ukiwa mfinyanzi mtupu unaweza kuwa kifuniko badala ya tangi. Na kwenye maeneo ya volkeno kama Arusha na Meru maji yanaweza kupatikana mengi kabisa yakawa na floridi nyingi. Kiwango cha mwisho cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, kwa hiyo pima maabara kabla watu hawajanywa, na usiyape mifugo kwa mazoea. Suala la kibali silirudii, mnajua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kabla ya kuchimba. Faida yake kubwa kwako ni kwamba wale wa ofisi ya bonde wana kumbukumbu za visima vya jirani, na kumbukumbu moja ya kisima cha jirani inaweza kukuokolea hela kuliko ushauri wangu.

Niongeze jambo moja la udongo wa juu, kwa mnaotaka kupanda parachichi. Ukichimba shimo la mita moja na nusu, mara nyingi utakuta mstari wa changarawe nyeupe za kwatzi katikati ya udongo mwekundu. Vijana waliosoma huniambia, "Bwana shamba, hilo pengo." Huenda. Mstari huo mara nyingine ni uso wa ardhi wa zamani ambao mvua ilibeba udongo ikaacha mawe. Ila mara nyingine ni kazi ya mchwa, maana mchwa anapandisha udongo laini juu, punje kwa punje, mawe asiyoweza kuyabeba yanabaki chini na kuzama. Wataalamu wenyewe wanabishana. Kwako kilicho muhimu ni kwamba mizizi na maji vinapita vipi hapo, kwa hiyo mwaga ndoo mbili za maji shimoni, rudi kesho yake uangalie kama yameondoka. Parachichi halipendi miguu yenye maji.

Na kama unataka kuona pengo likitengenezwa leo, nenda Kondoa. Vilima vya Irangi vilikuwa vimechanwa na makorongo kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Miti imerudi sehemu nyingi. Ila udongo uliobebwa haukurudi, uko chini mabondeni kama mchanga. Mwanajiolojia atakayepita pale baada ya miaka milioni moja ataona kule mlimani mstari mmoja tu, na hatakuwa na njia ya kujua kwamba juu ya mstari huo palikuwa na mashamba.

Turudi kwa dada yangu wa vitunguu. Nilikwenda kwake nikamwambia nilikosea, na kwamba mita 60 za mwisho zilikuwa za kinywa changu. Hakunitukana, ingawa mama yake hakunisalimia kwa miezi. Tulimsaidia kupata mpimaji wa kweli, akapima, akachagua mahali pengine kama mita 90 kutoka pale, palipooza zaidi. Kisima cha pili kiliishia mita 42, kikasimama mara tu kilipogusa granaiti mbichi, na vyujio vikawekwa kwenye ile changarawe iliyooza. Kilipopimwa kwa pampu kilitoa lita 3000 kwa saa.

Piga hesabu na mimi. Kitunguu kikiwa kimekomaa majani wakati wa jua kali kinahitaji kama milimita 5 kwa siku. Heka moja ni kama mita za mraba 4,047, kwa hiyo ni lita 20,000 kwa siku kwa heka. Ukisukuma saa 10 unapata lita 30,000. Hiyo ni heka moja na nusu kwa matone, siyo nne. Ndicho anacholima sasa wakati wa kiangazi, heka moja na nusu, na zile mbili na nusu anasubiri masika. Mkopo wa kisima cha kwanza bado anaulipa.

Vile vifungu vya vumbi nilivikusanya kwenye mifuko ya nailoni, nikaandika kina kwa kalamu, viko juu ya kabati ofisini kwangu. Ukija na swali la kisima nitakushushia mfuko wa mita 31 na wa mita 60 uvishike kwa mkono wako mwenyewe. Njoo na chako cha kwenu tulinganishe.